Wakulima wadogo na mbegu mpya: tunawaita mwishoni, halafu tunashangaa wamezikataa

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila inapotoka taarifa kwamba wakulima wadogo hawapokei mbegu mpya, maelezo ni yaleyale. Elimu haijawafikia. Wameng'ang'ania mazoea. Waongezewe mashamba darasa na vipeperushi. Nimekaa upande wa majaribio ya mbegu kiasi cha kuchoshwa na maelezo hayo, kwa hiyo naleta hoja yangu hapa muikosoe. Mkulima aliyeikataa mbegu, mara nyingi ameshaipima na amepata jibu lake. Jibu hilo lilitakiwa lisikike miaka mingi nyuma, siku mtafiti alipokuwa anaamua atafute mmea wa namna gani. Siku hiyo mkulima hakuitwa. Anaitwa mbegu ikishapewa jina, aje apige makofi.

Chukueni mahindi ya Malawi. Kwa miaka mingi chotara zilizokuwa zinatolewa kule zilikuwa za punje laini, zile zenye kibonyo kichwani. Shambani zinazaa vizuri kuliko mahindi ya asili, hilo halina ubishi. Shida inaanzia kwenye kinu. Mwanamke akikoboa punje laini kwa mchi, inavunjikavunjika na sehemu kubwa inaondoka na pumba. Punje ngumu ya asili inavuka ganda na kubaki nzima, unga wake ni mwingi. Ghalani nako, fukusi wanaiingia punje laini kirahisi, kwa hiyo kabla hata ya kufika kinuni gunia limeshapungua. Mtafiti alipima kilo kwa hekta. Mwenye kinu alipima kilichobaki kwenye ungo. Mwaka 1990 zikatolewa MH17 na MH18, chotara zenye punje ngumu kiasi, na hapo wakulima wadogo wakaanza kuzitazama chotara kwa jicho jingine. Watu ni walewale, wala hawakupelekwa shule yoyote katikati. Kilichobadilika ni mbegu.

Twende Syria, kwenye shayiri. Salvatore Ceccarelli na wenzake wa ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha nchi kavu, miaka ya 1990, walichukua mistari (yaani mbegu za majaribio zinazotofautiana) zaidi ya 200 ya shayiri wakaipanda kituoni na pia kwenye mashamba ya wakulima wa maeneo makavu. Wakulima wakachagua, watafiti wakachagua, kila upande kivyake. Ilionekana wakulima wanachagua vizuri sawa na watafiti, na kwenye mashamba yao wenyewe wakati mwingine vizuri zaidi. Ila vigezo vyao vilikuwa vingine. Mtafiti aliyefundishwa kwenye mashamba yenye maji anapenda mmea mfupi usioanguka. Mfugaji wa kondoo kwenye nchi kavu anataka mmea mrefu, kwa sababu mwaka wa ukame mmea mfupi unakuwa mfupi zaidi, mashine haiushiki, inabidi ung'olewe kwa mkono. Na mwaka wa namna hiyo majani ya shayiri ndiyo yanayookoa mifugo, wakati nafaka yenyewe ni haba. Ukipima nafaka peke yake, umepima nusu ya zao.

Kuna jambo la kitaalamu hapa ambalo watu wa kampeni hulipita haraka. Shamba la kituo lina udongo mzuri, limetiwa mbolea, limepaliliwa kwa wakati, pengine lina umwagiliaji. Aina inayoshika namba moja hapo ni ile inayojua kuitumia neema hiyo. Ipeleke kwenye udongo uliochoka, mvua ya kubahatisha na palizi iliyochelewa, na mpangilio unaweza kugeuka kabisa: wa kwanza akawa wa mwisho. Wala si kwamba imezaa kidogo tu kwa sababu shamba ni baya. Imepitwa na ile ambayo kituoni ilitupwa msimu wa pili. Sasa kama umechuja mamia ya mistari kituoni ukabaki na mitatu, ndipo ukawaita wakulima "washiriki", iliyowafaa imeshaliwa na ndege zamani.

Rwanda walilijaribu hilo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Louise Sperling na wenzake waliwaleta kituoni wanawake waliojulikana vijijini mwao kwa ujuzi wa maharagwe, wakati mistari bado ni mingi, wakawaacha wachague ya kwenda kuipanda kwao. Wakulima wa kule walikuwa wanapanda maharagwe kwa mchanganyiko, aina nyingi kwenye shamba moja, hii ya udongo mzito, hii ya chini ya migomba, hii ya mvua nyingi. Walichochagua wanawake wale kilizishinda mbegu za nyumbani mara nyingi, na ongezeko la wastani lilifika hadi asilimia 38. Chaguo la watafiti kwa maeneo yaleyale halikuleta ongezeko la maana. Walishinda kwa sababu kila mmoja alikuwa anachagua kwa ajili ya shamba analolijua, wakati mtafiti anachagua kwa ajili ya nchi nzima.

Mniruhusu kutenganisha vitu viwili, maana vikichanganywa ndipo ujanja unapopita. Kuna kumshirikisha mkulima kuchagua kati ya aina zilizokwisha kukamilika. Hilo ni jema, ni rahisi, na kama hakuna kinachofanyika, anzeni hapo. Kisha kuna kumshirikisha kwenye uzalishaji wenyewe: kuchagua wazazi wa kuchavushwa, kutaja kasoro ya kuondolewa, kuchuja vizazi vya mwanzo ambavyo bado mimea yake haifanani. Nepal, kwenye milima ya baridi, watafiti walichavusha mpunga wa kienyeji wa kijiji cha Chhomrong unaovumilia baridi na aina moja ya Kijapani, wakawapa wakulima kizazi cha tano wakichuje wenyewe kwenye matuta yao. Mwaka 1996 mmoja wa mipunga iliyotoka humo, Machhapuchhre-3, ukatambuliwa rasmi. Ukisoma ripoti ya mradi wowote, tafuta kwanza mkulima aliingia hatua ipi. Neno "shirikishi" kwenye jalada la ripoti lisikupe usingizi.

Nimalizie na siku ya kupiga kura shambani, kwa sababu nimeziona nyingi na nina kinyongo nazo. Vitalu vimepangwa, kila kimoja kina kibao cha namba na mfuko wa karatasi umefungwa kwenye fito. Kila mkulima anapewa punje sita za mahindi, adondoshe kwenye mifuko ya aina anazozipenda. Mwenyekiti wa kikundi anatangulia. Anasimama kwenye kitalu namba nne, anashika suke, anatikisa kichwa kukubali, anadondosha punje mbili. Mnajua kinachofuata. Nyuma yake msururu mzima unajazana namba nne. Kitalu cha kona, ambacho mama mmoja alikipasua suke akatafuna punje akakaa kimya, kinapata kura yake moja. Jioni ripoti inaandikwa: wakulima wamechagua namba nne. Hakuna aliyemfuata yule mama kumuuliza alichokionja.

Karibuni.

#2 Mchangiaji

Mkuu, gazeti refu lakini nimelimaliza. Swali langu la kizushi: kama wakulima wanajua hivyo, mbona hawakuzalisha mbegu zao wenyewe wakaachana na vituo?

#3 Mleta mada

Mkuu, walizalisha. Aina za asili zote unazozijua zilitoka mikononi mwao, msimu kwa msimu, kwa kutenga masuke mazuri na kuyatundika juu ya moshi. Huyo mpunga wa Chhomrong niliyemtaja ni kazi ya wanakijiji, mtafiti aliukuta. Kinachowashinda ni kasi, na kupata vinasaba vilivyo mbali. Mkulima wa mlimani hana namna ya kupata chavua ya mpunga wa Japani. Hapo kituo kina kazi yake halali na mimi sijasema kifungwe.

#4 Mchangiaji (nipo kwenye utafiti)

Mleta mada umeandika vizuri ila umeegemea upande mmoja. Naomba nikupinge kwa mambo ambayo jicho la mkulima haliyaoni, hata awe hodari kiasi gani.

La kwanza ni ugonjwa ambao msimu huo haupo. Kutu ya shina ya ngano, ile Ug99, ilibainika Uganda mwaka 1998, na ngano nyingi zilizokuwa zinapendwa duniani zikaonekana hazina kinga. Mkulima angeichagua ngano hiyo kwa moyo mmoja, na angekuwa sahihi mpaka kutu ifike. Ndiyo maana mistari kutoka nchi nyingi hupelekwa Njoro, Kenya, ikapandwa mahali ambapo kutu ipo ya kutosha, tuone nani anabaki wima. La pili, sumu kuvu ya karanga haina rangi wala ladha ya kuitambua kwa uhakika. La tatu, madini ya chuma kwenye maharagwe. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa angalau rangi inakuambia kuna vitamini A, lakini haragwe lenye chuma kingi linafanana na lisilo nacho.

La nne ni wingi. Kizazi cha mwanzo kinaweza kuwa na mistari 500. Nani atamsimamisha mkulima juani apitie mistari 500 wakati kwake palizi imemngoja? Akifika wa 60 amechoka, anajaza tu fomu. Na kila kijiji unachoongeza ni gari, mafuta, na mtu wa kukusanya takwimu. Ukituambia tushirikishe, tuambie pia nani analipa.

#5 Mleta mada

Hapo umenena, na kwa magonjwa na sumu sina ubishi. Maabara ichuje kisichoonekana, mkulima achuje kinachoonekana, kisha mistari iliyopita pande zote ndiyo isonge mbele. Nilichokuwa napigana nacho ni maabara kuchuja vyote viwili.

Kuhusu wingi na gharama, njia zimeshabuniwa na zinafanya kazi. Sieglinde Snapp, akiwa Malawi miaka ya 1990, aliweka utaratibu wa jaribio mama na majaribio watoto. Jaribio mama linakaa katikati ya eneo, lina aina zote na marudio yake, linasimamiwa na mtafiti. Majaribio watoto yako kwa wakulima, kila mmoja ana aina chache tu, anazilima kwa namna yake bila kuelekezwa palizi wala mbolea. Takwimu safi unazipata kwa mama, ukweli wa maisha unaupata kwa watoto.

Nyingine ambayo mimi naipenda zaidi ni ile ya mbegu tatu, Waingereza huifupisha *tricot*. Una aina kumi au kumi na mbili za kupima. Kila mkulima anapewa pakiti tatu tu, zimeandikwa A, B, C, hajui majina, na pakiti za jirani ni mchanganyiko mwingine. Anaulizwa ipi bora, ipi mbaya. Ya katikati inajulikana yenyewe. Kwa kuota, kwa ukame, kwa mavuno, kwa mapishi, kila swali vivyo hivyo, hata kwa simu ya tochi. Majibu mepesi ya watu wengi yanaunganishwa kihesabu na kutoa mpangilio wa aina zote. Jacob van Etten na wenzake walichapisha mwaka 2019 matokeo ya vitalu 12,409 vilivyosimamiwa na wakulima Nicaragua, Ethiopia na India, maharagwe na ngano. Walichanganya majibu ya wakulima na takwimu za hali ya hewa za msimu husika, ikawezekana kusema aina ipi inafaa wapi, na pale pengine ikaonekana mapendekezo rasmi yalikuwa yamekosea. Vitalu 12,000 hakuna kituo kinachoweza kuvilima. Na hakuna mwenyekiti wa kutangulia, kwa sababu kila mtu yuko kwake na A yake si A ya jirani.

#6 Mchangiaji

Kaka mleta mada, ule mfano wa mama wa kitalu cha kona nimeupenda, lakini na wewe umeishia palepale ulipowalaumu wenzako. Unasema "mkulima" kama vile ni mtu mmoja. Mkulima yupi? Mwaliko ukitumwa kijijini anakuja mwenye jina kwenye daftari la kikundi, na huyo mara nyingi ni baba. Kura inapigwa na asiyetwanga, asiyepika, na asiyechambua mbegu ya kutunza.

Mtama wa Afrika Magharibi ni mfano mzuri kuliko mahindi yako. Watafiti walileta mitama mifupi yenye suke lililobana, yenye nafaka nyingi. Kule Mali haikwenda mbali. Suke lililobana linashika unyevu, linaota ukungu na kufuga wadudu ndani. Mtama wa kienyeji wa jamii wanayoiita *guinea* una suke lililoachana, upepo unapita, punje ni ngumu, unakoboka vizuri bila kupoteza. Halafu una tabia moja ya ajabu: unachanua kwa kufuata urefu wa mchana, kwa hiyo hata ukipanda kwa kuchelewa, unakomaa pamoja na wenzake mvua inapokatika. Kwa mtu asiye na plau yake, anayesubiri aazimwe, tabia hiyo ni uhai. Eva Weltzien na timu yake ya ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kavu, walipobadili mwelekeo wakaanza kuzalisha kutoka kwenye mtama huohuo pamoja na wakulima, ndipo mambo yakasogea, hata vyama vya wakulima vikawa vinazalisha na kuuza mbegu.

Na mpunga wa NERICA, uliochanganya mpunga wa Asia na ule wa Afrika, ulipopelekwa kwa wakulima Côte d'Ivoire miaka ya 1990, urefu wa mmea ulikuwa kigezo kikubwa kwa wanawake. Wanavuna kwa kukata suke moja moja, wengine na mtoto mgongoni. Mpunga mfupi unakuinamisha kutwa. Hicho kigezo hukikuti kwenye fomu iliyoandaliwa ofisini, sanasana utakuta "kuanguka: ndiyo/hapana".

Kwa hiyo wape wanawake punje za rangi nyingine siku ya kura, hesabuni tofauti. Na muwaite siku ya kupika. Aina ambayo haijapikwa na kuliwa na watu wa rika zote bado haijapimwa. Hivyo viazi vya rangi ya chungwa alivyovitaja ndugu wa utafiti, vya mwanzo watoto walivipenda, watu wazima wakavilalamikia kwamba ni majimaji. Ukiwauliza watoto tu umefaulu, ukiwauliza baba zao umeshindwa.

#7 Mleta mada

Dada, hilo nimelipokea mzigomzigo. Na kwenye viazi niongeze: Uganda walizalisha viazi vitamu na wakulima wenyewe wakiwa ndani ya uchujaji, ikatoka NASPOT 11 mwaka 2010. Rangi ya chungwa haina, ni viazi vyenye unga, vinazaa na kuvumilia magonjwa, vile walivyovitaka.

Robert Mwanga aliyekuwa kwenye kazi hiyo ndiye huyohuyo aliyepata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis, kwa kazi ya mazao yaliyoongezewa lishe, Mwanga, Andrade na Low kupitia viazi vya rangi ya chungwa. Kwa hiyo mtu anaweza kushika yote mawili, lishe ambayo mkulima hakuiomba na unga alioudai.

#8 Mchangiaji

Nasoma huku nakunywa chai. Endeleeni, uzi mtamu.

#9 Mchangiaji (biashara ya mbegu)

Mimi niko upande ambao hamjauzungumzia. Mtu azalishe mbegu tani kadhaa, aikaushe, aipake dawa, aifungashe, aisafirishe, akae nayo ghalani akisubiri mvua. Kampuni inataka aina moja inayouzika eneo kubwa. Nyinyi mnatuambia kila bonde na aina yake. Hesabu haikubali.

La pili, mazao mengi mnayoyataja hapa yanajichavusha yenyewe au yanapandwa kwa vipando. Maharagwe, mpunga, ngano, karanga, mihogo, viazi. Mkulima akinunua mara moja anatunza mbegu miaka mitano. Chotara ya mahindi anarudi kila msimu kwa sababu akirudishia mbegu yake mavuno yanashuka. Mnashangaa nini makampuni kujazana kwenye mahindi? Si ubaya wa moyo.

Na la tatu, wakulima wakipewa mbegu bure wanasifia kila kitu. Nimeona ripoti ya "asilimia mia wameipenda", tukaizalisha, ikabaki ghalani mpaka ikafa. Upendo wa bure sio soko.

#10 Mleta mada

La tatu lako ndilo zito kuliko yote yaliyosemwa humu, mkuu, na watu wa NERICA walilitegea mtego mzuri. Uchaguzi wao ulikwenda miaka mitatu. Mwaka wa kwanza wakulima wanatembelea bustani ya mipunga mingi, hadi aina 60, wanachagua. Mwaka wa pili wanapewa walizochagua wakapande kwao. Mwaka wa tatu mbegu hiyohiyo wanaulizwa kama wataitolea pesa. Sifa zote za miaka miwili zinakutana na mfuko.

Kuhusu aina moja eneo kubwa: hesabu ya kampuni naielewa, ila haiwezi kuwa ndiyo kipimo cha utafiti wa umma. Kwa mazao ambayo kampuni haiyataki, mzalishaji wa mbegu atakuwa kikundi cha wakulima chenye mkaguzi. Mfumo wa mbegu za kuazimiwa ubora FAO iliuandikia mwongozo tangu 1993 na kuurekebisha 2006, kwa lengo hilohilo: ukaguzi mwepesi kuliko uthibitishaji kamili, wajibu mkubwa unabaki kwa mzalishaji mwenyewe.

Halafu usisahau kwamba aina inayofaa eneo dogo inaweza kusafiri. India, mpunga Kalinga III ulipendekezwa kwa jimbo moja la mashariki. Watafiti Joshi na Witcombe wakauweka mbele ya wakulima wa magharibi, Rajasthan na Gujarat, mahali ambako kwenye orodha rasmi haukuwepo, wakaupenda na ukaenea. Kilichokuwa kinaukwamisha ni karatasi.

#11 Mchangiaji

Karatasi ndiyo mada yangu. Mnajadili shamba na kinu, lakini hata mkulima akishirikishwa vizuri, mbegu inafika mlango wa sheria na kukwama.

Ili aina itambuliwe na kulindwa inatakiwa ioneshe mambo matatu: itofautiane na zilizopo, mimea yake ifanane, na isibadilike vizazi hata vizazi. Vigezo hivyo vimesimama kwenye mkataba wa UPOV wa 1961, ule wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, na marekebisho ya 1991 yakabana zaidi: kumruhusu mkulima atunze mbegu ya aina iliyolindwa kukawa ni hiari ya nchi, tena kwa mipaka. Sasa rudini kwa yule mama wa Rwanda na mchanganyiko wake wa maharagwe. Nguvu ya mbegu yake ni kutofanana. Ukimlazimisha afananishe mimea yote ili apate cheti, umeondoa kilichokuwa kinamlinda.

Njia nyingine zipo. India kwa sheria yao ya 2001 mkulima anaruhusiwa kutunza, kupanda, kubadilishana na hata kuuza mbegu ya aina iliyolindwa, mradi asiifungashe kwa jina la biashara, na anaweza kusajili aina yake mwenyewe. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za kijenetiki za mimea, uliopitishwa 2001 na kuanza kazi 2004, kifungu cha 9 kinazungumzia haki za wakulima, ikiwemo kushiriki kwenye maamuzi. Umoja wa Ulaya nao, kwa kilimo hai, tangu 2022 wameruhusu kuuzwa kwa mbegu zisizofanana, mchanganyiko wa kijenetiki kabisa. Sasa kama Ulaya yenye viwango vyake imekubali mchanganyiko kwenye soko, anayesema haiwezekani atupe sababu.

Halafu umiliki. Mkulima amechuja vizazi vitatu, jina kwenye cheti ni la taasisi. Makubaliano yaandikwe kabla ya chavua kudondoka, maana baada ya hapo hakuna atakayekukumbuka.

#12 Mchangiaji (nipo kwenye utafiti)

Kwenye umiliki nakuunga mkono japo ni upande wangu unaopigwa. Ninachoomba ni kimoja: fomu zetu za kupandishwa cheo zinahesabu aina zilizotambuliwa rasmi na makala zilizochapishwa. Hazihesabu ekari zilizopandwa na wakulima. Mtafiti anayekaa kijijini miaka mitatu anapitwa na aliyebaki kituoni. Mkibadilisha hilo mtaona ushirikishwaji bila semina.

#13 Mleta mada

Hilo lingepaswa kuwa kwenye bandiko langu la kwanza. Kama kipimo cha mtafiti kinaishia kwenye sherehe ya kutangaza aina, kazi yake inaishia hapo pia, na hana kosa.

#14 Mchangiaji

Wakuu mmechambua. Mimi niko kwenye kikundi cha wakulima, hatuna mtafiti wala mradi. Tunaweza kuanza wenyewe na nini?

#15 Mleta mada

Mnaweza, mkuu. Colombia, jimbo la Cauca, tangu 1990 kulikuwa na kamati za utafiti za wanakijiji wenyewe, wanachagua swali, wanajaribu, wanarudisha majibu kwa wenzao. CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo kilichopo Colombia, iliwasaidia kuanza, ila kamati ilikuwa yao.

Anzeni na kikao ambacho mbegu haitajwi. Kila mtu aseme aina anayolima sasa inamuudhi nini, wanawake wakae kivyao kwanza, na muandike kwa maneno yao yaleyale. "Inachelewa kuiva" na "inachelewa kuiva wakati ghala limeisha" ni malalamiko mawili, msiyaunganishe. Kisha tafuteni aina chache zinazoweza kujibu kero mbili au tatu za juu, za kituo na za vijiji vya mbali. Mbegu ya asili ya sehemu nyingine nayo ni mbegu mpya kwenu. Mwandikieni afisa ugani na kituo cha utafiti kilicho karibu. Vituo vingi hutoa sampuli ndogo kwa kikundi kilichojipanga, na mkilima mihogo au viazi ombeni vipando vilivyokaguliwa virusi, hilo msilichukulie kimzaha.

Gaweni pakiti tatu kwa kila mtu kama nilivyoeleza, na aina yenu ya kawaida iwe mojawapo ya aina zinazozunguka humo, bila jina. Hapa ndipo wengi hushtuka, maana kuna watu wataitaja mbegu yao ya siku zote kuwa ndiyo mbaya kuliko zote. Kila mtu alime anavyolima siku zote. Asipewe mbolea ya jaribio kama hana desturi ya kuweka, na vitalu vitatu vikae sehemu moja ya shamba, visije vikawa kimoja bondeni na kingine kwenye kichuguu.

Orodha ya herufi na majina akae nayo mtu mmoja asiyelima jaribio, aifunge kwenye bahasha. Mfungue baada ya kuvuna, kukoboa na kupika. Mkiifungua mapema mwenyekiti atatangulia.

#16 Mchangiaji

Mkuu, mwenyekiti ni mimi.

#17 Mleta mada

Basi bahasha apewe mkeo, na wewe ulime A, B na C kama wengine.